Shahidi wa Rangi Chini ya Vilima vya Ngong

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Magadi, akiisha kuiacha Ongata Rongai na kabla hajawasili Kiserian, hupita Nkoroi, ambako nyumba za mawe na viwanja vilivyozungushiwa ua vimetanda leo juu ya ardhi iliyokuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai. Si mbali na hapo, katika nchi ya Ngong, palikuwa na Ngongo Bagas, kituo mashuhuri ambapo misafara ya karne ya 19 iliyotoka Mombasa na Pangani ilitua kununua vyakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea na safari. Joseph Thomson, Mskoti, alifika huko mwaka 1883 akifuatana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeizoea njia ya Umasaini. Wanaoandika habari za misafara hiyo hutaja sana pembe za ndovu zilizoteremka pwani. Lakini ushanga uliopanda bara wastahili kutajwa vilevile, maana ndani yake mna asili ya elimu ya kulinganisha rangi, ambayo leo twadhani imeletwa na mashine.

Ushanga haukuuzwa kwa wingi wake tu. Uliuzwa kwa rangi. Richard Burton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, alitaja kwamba aina zake zilikaribia 400, kila moja na jina lake, kama samesame nyekundu iliyotamaniwa mno. Aina iliyogombewa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya pili, na tajiri aliyekosea rangi aliwatwisha wapagazi wake mzigo usio na thamani. Hata uzi ulikuwa na sharti lake: huko Taveta, Thomson alilazimika kungoja watu wake wautunge upya ushanga kwa urefu waliouridhia Wamaasai. Basi mfanyabiashara wa Unguja angemfahamishaje fundi wa Venice aliyeutengeneza ushanga kwamba wekundu autakao ni huu wala si ule? Maneno hayafiki huko, wala kumbukumbu ya macho haiaminiki kuvuka bahari. Dawa ilikuwa kielelezo. Wauzaji wa Ulaya walipanga ushanga safu kwa safu juu ya kadi, kila aina na nambari yake. Na kadi za namna hiyo za kampuni ya J. F. Sick zimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Amsterdam. Kadi ilikuwa shahidi ambaye muuzaji na mnunuzi, wasioonana maisha, waliafikiana kumsadiki.

Picha za kwanza za waliouvaa ushanga huo hazikuwa na shahidi huyo. Sahani za kioo za zama za Thomson zilihisi buluu na kuwa pofu kwa wekundu, hata ngeu iliyopakwa mwilini ikatoka nyeusi, na ushanga wa buluu ukatoka mweupe. Sahani zilizohisi rangi zote ziliingia sokoni mwaka 1906, na filamu ya rangi ya Kodachrome mwaka 1935. Kupotea kwa rangi si hasara ndogo, kwa sababu mpangilio wa rangi katika vidani vya Wamaasai humtambulisha mvaaji, kama ni wa Ilkeekonyokie wa upande wa Ngong au wa Ilkaputiei wa upande wa Kitengela, na mitindo yake hubadilika rika kwa rika. Picha iliyopoteza rangi imepoteza nusu ya habari zake.

Picha za rangi za miaka ya 1970 nazo zina maradhi yao. Katika karatasi nyingi za wakati ule, zilizofungiwa albamuni gizani, rangi ya samawati hufifia kabla ya nyingine, na picha nzima huelekea wekundu. Tazama kidani katika picha ya namna hiyo: duara la kijani limeelekea manjano, la buluu limeelekea zambarau, na weupe uliotenganisha rangi hizo umetiwa doa.

Mtu wa Nkoroi atakaye kuziokoa picha za wazee wake kwa skana ana nyenzo zisizomgharimu leseni. Mwaka 1993 makampuni kadhaa yaliunda baraza la rangi liitwalo ICC (International Color Consortium), likaweka kanuni moja ya kuandika tabia ya kila chombo cha rangi. Kwa mfumo wa Linux, programu ya SANE huiendesha skana, na ile ya Argyll, kazi ya Graeme Gill wa Australia, huipima. Kinachonunuliwa ni kadi ya IT8 tu, yenye vijiraba 288 ambavyo 24 kati yake ni ngazi za kijivu, pamoja na faili la tarakimu zilizopimwa kiwandani. Marekebisho yote ambayo skana hujifanyia yenyewe huzimwa. Kadi huskaniwa kwa mipangilio ileile itakayotumika kwa picha. Amri ya Argyll iitwayo scanin husoma vijiraba na kuvilinganisha na tarakimu zake. Kisha colprof huandika profaili, yaani hati ya upotofu wa skana ile na namna ya kuunyoosha.

Lakini kadi hii imetengenezwa kwa karatasi ya picha, na ushahidi wake unafaa kwa karatasi ya picha. Skana huona kwa vichujio vitatu ambavyo si jicho la binadamu. Ukilaza juu ya kioo chake kidani chenyewe, au ngozi yenye ngeu, profaili ile yaweza kukuhadaa. Tena profaili huisahihisha skana, haiponyi picha: picha iliyofifia ikiskaniwa kwa uaminifu itatoka imefifia kwa uaminifu. Kuirudishia rangi ni kazi nyingine, inayohitaji kidani kilichobaki au mama akumbukaye. Na aifanyaye aifanye juu ya nakala ya pili, huku ile ya kwanza ikihifadhiwa katika faili la TIFF bila kuguswa, pamoja na profaili yake na nambari ya kadi iliyotumika.