Asasi ya afya mtandaoni: Mambo 5 ya kuzingatia kabla ya kuposti

Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, asubuhi yoyote. Muuza nguo anapiga picha mzigo mpya na kuuposti Instagram kabla hata hajamaliza kuupanga. Posti yake ina vitu vinne: picha, bei, mahali alipo na namba ya simu.

Asasi nyingi za afya zinaposti bango lenye nembo sita na maneno "tujali afya zetu". Aliyesoma hajui aende wapi. Haya matano yanasaidia.

1. Shika jambo moja

Doris Mollel Foundation ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa 2015, inajulikana kwa jambo moja: watoto njiti. Mwanzilishi wake mwenyewe alizaliwa njiti, hivyo anapoongea watu wanamsikiliza. Asasi hiyo imepeleka vifaa hospitalini na kwa miaka kadhaa ilipigania likizo ndefu zaidi kwa mama aliyejifungua njiti. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa na likizo hiyo ikaongezwa. Kila Novemba 17, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, inakuwa na la kusema.

2. Mwambie mtu afanye nini

Chukua mfano wa damu. "Changia damu, okoa maisha" ni kauli nzuri, ila haimtoi mtu dukani. Jaribu hivi: "Una miaka 18 hadi 65 na kilo 50 au zaidi? Njoo kituo cha Damu Salama, Mchikichini, Ilala. Kula kwanza. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4." Machinga akisoma hiyo, anajua kama inamhusu na anajua pa kwenda.

3. Ondoa kikwazo, usiishie kwenye ujumbe

Hospitali ya CCBRT, Msasani, ilikuwa inatibu fistula bure, lakini wanawake wengi wa mikoani hawakufika. Kilichowakwamisha wengi ni nauli. Kuanzia 2009, CCBRT ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa. Balozi aliyeko kijijini anapokea pesa, anamkatia mgonjwa tiketi ya basi, na mgonjwa akifika hospitali balozi anapata malipo kidogo. Kabla hujatumia pesa kuisukuma posti yako, waulize wagonjwa wenyewe wanakwama wapi.

4. Picha ya mgonjwa ina mwenyewe

Hapa ndipo wengi wanateleza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Pata ridhaa ya maandishi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia. Majibu ya VVU yana ulinzi wake pia katika sheria ya UKIMWI ya 2008.

Hata akikubali, mweleze picha itaenda wapi. Uswahilini habari inasafiri haraka: ukiposti saa nne, mchana jirani zake wameshaiona kwenye magrupu ya WhatsApp. Wewe unaweza kufuta, wao wameshaihifadhi. Mara nyingi picha ya mikono, au sauti bila sura, inatosha.

5. Pesa iwe wazi

Matapeli wanachukua picha za watoto wagonjwa na kuweka namba zao. Ndiyo maana watu wamekuwa wagumu kuchangia. Weka namba ya usajili ya asasi, tumia lipa namba yenye jina la asasi na si la mtu binafsi, kisha rudi useme kilipatikana kiasi gani na kimefanya nini.

Marekani, kampeni ya kujimwagia maji ya barafu ya 2014 ililipatia shirika la ugonjwa wa ALS dola milioni 115. Matokeo yalirudishwa kwa watu: mwaka 2016 watafiti waliofadhiliwa na fedha hizo walitangaza jini linalohusiana na ugonjwa huo.

Utajuaje imefanya kazi?

Laiki hazitoshi. Mpangie mtu mmoja wa kupokea simu na kujibu meseji, kisha kila mgeni aulizwe: "Umetusikia wapi?" Andika majibu daftarini. Baada ya mwezi mmoja utajua posti ipi ilileta watu na ipi ilikula bando tu.