Picha za droni zikianguka mbali na Goma: kosa liko wapi?

Kunako tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka na lava ikateremka mpaka Buhene, kwenye mlango wa muji wa Goma. Nyumba na alama za parseli zilibaki chini ya majiwe. Fasi kama ile, ramani ya droni inaweza kuonyesha parseli ya nani ilikuwa wapi. Lakini picha zikiwekwa penye hazikupigwa, ramani hiyo hiyo inamupa mutu kiwanja cha jirani yake.

Kila picha ya droni inabeba ndani yake maandishi yasiyoonekana: saa, latitudi, lonjitudi na kimo. Programu kama WebODM inayasoma mbele ya kuunganisha picha. Matokeo yakiwa ya ajabu, wengi wanafuta yote na kuanza upya. Heri kwanza kuangalia picha zimeangukia wapi, juu ile fasi njo inaonyesha ugonjwa.

Goma iko karibu digrii 1.68 kusini na 29.22 mashariki. Ndani ya picha, namba ya latitudi haina alama ya kutoa. Ni herufi S, iliyoandikwa pembeni, njo inasema ni kusini. Herufi ile ikipotea wakati picha inatengenezwa upya, programu inaweza kudhani ni kaskazini, na picha za Goma zinajikuta katika pori la Mambasa, Ituri, karibu kilomita 370 kutoka Goma. Na ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero: Butembo ni kaskazini, Lubero ni kusini. Basi herufi ya kazi ya jana haifai kunakiliwa tu.

Picha zikionekana katika jangwa la Algeria, namba mbili zimebadilishana nafasi. Hiyo inawapata wale wanaoandika wenyewe faili ya geo.txt. Mule lonjitudi inatangulia, wakati midomo imezoea latitudi kwanza. Mstari wa kwanza wa faili unataja mfumo wa vipimo, kwa mfano EPSG:4326. Tena ordinatere iliyowekwa katika Kifaransa inaandika 29,22 kwa koma, kumbe programu inataka nukta: 29.22. Koma moja tu, na kazi ya siku nzima inaharibika.

Zikianguka baharini, kwenye Ghuba ya Guinea, ni sufuri na sufuri: GPS ilikuwa haijashika satelaiti. Dawa ni kungoja dakika chache mbele ya kurusha.

Na kama picha hazina mahali kabisa? Mara nyingi zilipita kwa WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha ya kawaida, inapunguzwa na maandishi yake ya ndani yanaondolewa. Itumwe kama dokima, ao vizuri zaidi inakiliwe moja kwa moja kutoka kadi ya memori, na zile za mwanzo zisiguswe.

Kuna wanaotumia kamera isiyo na GPS na kuunganisha picha na njia ya droni kwa kufuata saa. Hapo saa lazima ipatane. Goma iko masaa mawili mbele ya saa ya UTC inayotumika katika faili za GPS. Kinshasa iko saa moja tu. Droni inayokwenda mita 10 kwa sekunde, sekunde moja ya kosa inasogeza picha mita 10. ExifTool, programu ya bure, inaweza kurekebisha saa ya picha zote kwa mara moja.

Kimo nacho kinadanganya. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na droni inaruka labda mita 80 juu ya nyumba. Programu ikichanganya vimo hivyo viwili, inaona droni iko chini ya udongo.

Hata yote yakisomwa vizuri, GPS ya kawaida ya droni inaweza kukosea mita kadhaa. Kwa ugomvi wa mpaka hiyo haitoshi. Inafaa kuweka alama kubwa za rangi chini, zipimwe kwa chombo cha wapimaji wa ardhi, kisha namba zake ziingizwe katika programu pamoja na picha.