Bao na Lawama ya Uvivu

Katika magazeti yetu kuna katuni moja iliyochorwa mara nyingi mno hata msomaji haitazami tena. Wazee wanne wameketi kivulini mwa mwembe, ubao wa bao uko katikati yao, na nyuma yao jembe limelala majanini. Mchoraji hahitaji kuandika neno lolote chini ya picha hiyo, kwa maana kila mtu amekwisha kufundishwa kuisoma: hawa ni wavivu. Mwandishi wa habari akitaka kusema kwamba kijiji fulani kimezembea kilimo, husema wanaume wake wanashinda kwenye bao. Akitaka kumdhihaki kijana asiye na ajira, humweka kijiweni na kete mkononi. La kuchekesha ni kwamba gazeti lilo hilo, katika ukurasa wake wa nyuma, halina sifa kubwa ya kumpa mcheza kandanda ila kusema kwamba amefunga bao.

Twakusudia kuuliza lawama hiyo ilitoka wapi, na kama mchezo wenyewe waistahili. Kwanza lakini yatupasa tuueleze mchezo, kwa kuwa tumegundua ya kwamba wengi wanaoushutumu hawaujui, na wanafunzi wengi wa leo hawakubahatika kukulia penye baraza.

Ubao wa bao una mashimo 32, yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake, na kete 32. Kete zote pamoja ni 64, idadi sawa na miraba ya sataranji, ingawa hatudai kwamba kuna maana yoyote katika jambo hilo. Kete za asili ni komwe, yaani mbegu ngumu za kijivujivu za mkomwe. Katika safu ya mbele ya kila mchezaji, shimo la tano kutoka kushoto kwake, ambalo aghalabu huchongwa mraba, huitwa nyumba. Mashimo ya mwisho ya safu hiyo, kulia na kushoto, huitwa vichwa. Katika bao la Kiswahili, ambalo ndilo la mafundi, mchezo huanza kwa kete sita nyumbani, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani. Kete 22 zilizobaki mchezaji huziweka akiba, akiziingiza moja moja kila zamu yake ifikapo. Kipindi hicho ndicho cha kunamua. Akiba ikiisha, huanza kipindi cha mtaji, ambapo kila kete iko ubaoni na hapana tena msaada kutoka nje.

Watu hudhani ugumu wa bao umo katika kuhesabu. Kuhesabu kupo, lakini ndiyo sehemu nyepesi. Mchezaji akila kete za mwenzake hazitupi kando kama ifanyikavyo katika drafti au sataranji. Huzitwaa akazipanda upande wake mwenyewe, moja moja, kuanzia kichwani. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete nyingine, na shimo la adui linalolikabili lina kitu, hula tena. Na kama hana cha kula mahali hapo huzizoa zote akaendelea, hata kete yake ya mwisho iangukie shimo tupu, ndipo alale. Kwa hiyo zamu moja yaweza kuuzunguka ubao mara kadhaa na kubadili hali ya mashimo mengi, na fundi hana budi kuyaona yote hayo kabla ya kuinua mkono. Tena hana budi kuyaona upande wa pili, kwani kila alichokipanda leo ni mawindo ya mwenzake kesho. Asiye na cha kula hulazimika kutakata, yaani kuzihamisha kete zake bila faida, na mara nyingi kutakata huko ndiko kunakomfungulia adui mlango.

Na pale kete ya mwisho ya mwenye kula inapokoma katika nyumba yake wakati wa kunamua, huwa na hiari: alale, mali yake ikae, au asafiri, aivunje nyumba na kuitawanya kwa tumaini la kula zaidi mbele ya safari. Tumewaona watu wenye heshima zao wakisita hapo kwa muda mrefu kuliko waliosita kabla ya kuoa. Anayeishiwa kete katika safu yake ya mbele, au asiyeweza tena kucheza, amefungwa.

Tazameni maneno yenyewe: nyumba, kichwa, mtaji, kulala, safari. Ni maneno ya mtu mwenye kaya na biashara. Waliouita mchezo huu upuuzi hawakuyasikiliza.

Kuhusu asili yake, bao ni mmoja wa ukoo mkubwa wa michezo ya mashimo na mbegu ulioenea Afrika nzima. Ndugu zake wa safu nne wako Uganda, ambako huitwa omweso, Rwanda na Burundi, ambako huitwa igisoro, Malawi, ambako jina limekuwa bawo, na ng'ambo ya bahari huko Oman kuna hawalis. Katika kilima cha Hyrax karibu na Nakuru yako mashimo ya mchezo wa namna hii yaliyochimbwa katika jabali. Mmarekani Stewart Culin, katika makala yake ya mwaka 1894, aliuita ukoo wa michezo hii mchezo wa taifa wa Afrika. Alisema taifa, kana kwamba bara zima ni nchi moja. Tumsamehe, kwa maana alikuwa na heshima kuliko wengi waliomfuata.

Mshairi wetu Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga shairi juu ya bao. Watu wa zama zake waliishi katika mvutano mkali baina ya Mombasa ya Mazrui na Seyyid Said, na Muyaka alikuwa ulimi wa mji wake. Mtu wa namna hiyo hachukui mchezo wa wazembe akaufanya chombo cha ushairi, wala wasikilizaji wake wasingemfahamu kama wao wenyewe hawakuujua ubao. Sisi tunaojaribu kushika kalamu ya ushairi twaona hapo ushahidi mzito kuliko wa jabali.

Basi aibu ilianza lini? Hatuwezi kuitaja siku, lakini twaweza kuonyesha ni nani waliohitaji Mwafrika aitwe mvivu. Amri ya Sultani wa Zanzibar ya Aprili 1897, iliyotolewa chini ya shinikizo la Waingereza, iliondoa uhalali wa utumwa. Lakini ilimtaka aliyepata uhuru aonyeshe makazi yake na njia yake ya riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Mtu aliyelima karafuu za mwingine maisha yake yote bila ujira aliambiwa, siku ya kwanza ya uhuru wake, athibitishe kwamba yeye si mvivu. Huku bara, Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na miongoni mwa makusudi ya kodi hiyo ni kumtoa mkulima shambani mwake aende kutafuta fedha katika mashamba ya walowezi. Kwa bwana shamba, kila saa ambayo Mwafrika hakuwa katika kazi ya bwana shamba ilikuwa saa ya uvivu. Na saa hizo Mwafrika alizitumia wapi mbele ya macho ya watu? Barazani, penye ubao.

Liliongezwa na kosa la lugha. Kupiga bao, kwa Kiswahili, ni kupiga ramli. Kucheza bao ni jambo jingine kabisa. Asiyeijua lugha vema aliweza kuyachanganya hayo mawili, na hata leo wapo wazazi wacha Mungu wanaouogopa ubao kana kwamba ni kifaa cha mganga.

Tulipopata uhuru tulitazamia mambo yabadilike. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuwa Rais wa Jamhuri tarehe 10 Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba vijana waliosoma walizijua dansi za Wazungu na hawakuzijua ngoma zao. Yeye mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na picha zake akiwa ameuinamia ubao zimechapishwa mara nyingi. Hatujamsikia mtu akimwita mvivu.

Hata hivyo ilikuja miaka ya dhiki, na pamoja nayo Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, iliyotaka kila mwenye uwezo awe na kazi ya halali. Nia yake haikuwa mbaya. Lakini katika misako ya mijini walikamatwa pia watu waliokuwa na shughuli zao ndogo ndogo, na katika mazingira kama hayo mtu aliyeonekana ameketi alikuwa amekwisha kuhukumiwa nusu.

Miaka kadhaa baadaye, tukiwa watumishi katika mji mmoja wa pwani, tulimpeleka mgeni kutoka makao makuu kukagua mradi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Tulipita baraza ambapo wazee watatu walikuwa wakicheza, na mgeni akasimama.

"Shikamooni wazee. Mbona saa hizi mko kwenye bao, na wenzenu wako kazini?"

Mkubwa wao alimaliza kupanda kete zake kwanza, kisha akaitikia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe leo umeamka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Mimi nimeingia baharini jana magharibi, nikatoka alfajiri. Samaki wamekwisha kuuzwa. Nikuamkie saa ngapi mimi ndiyo nionekane nimefanya kazi?"

Mgeni alicheka, lakini katika taarifa yake aliandika kwamba wananchi wa mji ule wanahitaji kuhamasishwa. Tuliipiga chapa taarifa hiyo sisi wenyewe, na hatukuthubutu kumwambia aifute sentensi ile. Twaliandika jambo hili hapa kwa kuwa tangu siku hiyo hatuwezi kuitazama ile katuni ya wazee wanne bila kujiuliza mchoraji alipita saa ngapi.

Mkulima naye hurudi shamba jua likiwa kali. Mchezo wa barazani huchangamka saa kumi alasiri na kuvunjika magharibi. Hatukatai kwamba wako wanaoacha watoto na njaa wakashinda ubaoni. Wako pia wanaoacha watoto na njaa kwa ajili ya kandanda, na hakuna aliyetaka mpira uonewe haya. Lawama ambayo twaikubali bila ubishi ni nyingine, nayo magazeti hayaitaji: baraza la bao limekuwa la wanaume, na mabinti wenye akili ya kutosha kuwafunga baba zao wamepita hapo wakiwa na ndoo kichwani.

Mwenye kutaka kujua ubongo wa fundi wa bao hufanya nini angepaswa kuupata uchunguzi huo kwetu. Lakini aliyekaa na mafundi wa Zanzibar akawachunguza ni Mholanzi, Alex de Voogt, na tasnifu yake juu ya umahiri wao, iliyotolewa Leiden mwaka 1995, ina jina lenye maana ya mipaka ya akili. Chuo kikuu cha Ulaya kilimpa mtu shahada kwa kujifunza jambo ambalo sisi tulichapwa kwa kulitenda.

Tulichapwa kweli. Tulikuwa kidato cha pili, tumechimba mashimo nyuma ya ghala la shule, na mwalimu wa zamu alitukuta tumeingia kipindi cha mtaji. Alizifukia kete kwa kiatu chake na kutuuliza kama twataka kuzeeka kabla ya wakati. Katika maktaba ya shule iyo hiyo, ndani ya kabati la kioo, mlikuwa na seti mbili za sataranji, na waliozicheza walitajwa katika mkutano wa asubuhi. Hatuna chuki na sataranji. Tungependa tu mwalimu yule aeleze tofauti.

Walimu wenzake wa leo wasingojee ubao wa mninga uliochongwa, kwani una gharama. Mashimo 32 huchimbwa ardhini kwa kijiti, na wanaoanza wapewe bao la kujifunza, kete mbili katika kila shimo, bila akiba. Shule za pwani zitauona mkomwe karibu na ufuo. Maganda yake yana miiba, kwa hiyo yafaa watoto wangojee yakauke na kupasuka yenyewe, kisha waokote komwe 64 na chache zaidi, kwa maana hupotea.