Nyota za Hospitali na Moyo wa Muuguzi

Wengi wetu hapa Uingereza riziki yetu inatoka hospitalini. Tumo wauguzi, wasafishaji, na wasaidizi wa wodini. Tumezoea hospitali zetu kupimwa na kutangazwa. Tutazame basi vipimo hivyo vilianzaje, na viliwafanya nini waliopimwa.

Mwaka 2001 serikali ilianza kuzipa hospitali za England nyota, kuanzia sifuri hadi tatu, na matokeo yakatangazwa hadharani. Mkuu wa hospitali isiyo na nyota alikaa roho mkononi. Lengo moja lilikuwa kwamba mgonjwa wa dharura asikae zaidi ya saa 4. Foleni zilipungua kweli, na hilo tusilikane. Nyota zikafutwa mwaka 2005, lakini lengo la saa 4 likabaki.

Sasa tuje Stafford. Mwaka 2004 taasisi iliyoendesha hospitali ya mji huo ilishuka kutoka nyota 3 hadi sifuri. Wakubwa wakakazania malengo na hesabu za fedha, na wafanyakazi wakapunguzwa. Februari 2008 taasisi hiyo ikapandishwa daraja. Uchunguzi wa wakili Robert Francis, uliotolewa Februari 2013, ulieleza yaliyokuwa yakitendeka wodini: wagonjwa walikosa maji, chakula na usafi. Wafanyakazi waliolalamika hawakusikilizwa, na katika kitengo cha dharura wauguzi walishinikizwa kuandika muda usio wa kweli.

Kilichowavunja moyo wauguzi hao si kupimwa. Ni kuambiwa hospitali inakwenda vizuri, ilhali wanajua mgonjwa wao hajanywa maji tangu asubuhi.

Nyumbani nako yapo. Mwaka 2004 Tanzania iliacha tathmini ya siri ya watumishi wa umma, ikaleta ya wazi, maarufu kwa jina la OPRAS. Mtumishi na mkuu wake walitakiwa wakae, wapatane malengo, kisha waangalie pamoja yaliyotimia. Jambo la heshima hilo. Lakini watafiti waliozungumza na wahudumu wa afya walikuta manung'uniko: fomu zinajazwa, zinapelekwa, majibu hayarudi. Tangu 2023 tathmini imehamia kwenye kompyuta, kwa mfumo wa PEPMIS. Kompyuta hupokea fomu upesi, lakini kumjibu mhudumu bado ni kazi ya mkubwa wake.

Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaokijua kitanda cha hospitali ni mgonjwa na muuguzi wa zamu ya usiku. Tangu 2003 NHS huwauliza wafanyakazi wake kila mwaka wanaionaje kazi yao. Wengi wetu huiweka kando karatasi ile tukisema haina faida. Mwaka huu tuijaze, na baada ya miezi michache tuwaulize wakubwa wetu: tuliyoyaandika yamefika wapi?