Siri ya Kazi na Nyumba ya Sturka

Tarehe 31 Januari 1950 Rais Harry Truman alitangaza kwamba Marekani itaendelea na kazi ya kuunda bomu la haidrojeni. Warusi walikuwa wamekwisha kuliripua bomu lao la kwanza la atomiki mwezi wa Agosti 1949. Siku mbili baada ya tangazo la Truman, Klaus Fuchs, mwanasayansi aliyepata kufanya kazi Los Alamos, alikamatwa London kwa kosa la kuwapa Warusi siri. Hofu ya maangamizi ikafungamana na hofu ya mdomo.

Oktoba ya mwaka huo huo, jarida la Galaxy katika toleo lake la kwanza lilichapisha hadithi fupi ya Richard Matheson, kijana wa miaka 24, iitwayo "Third from the Sun", yaani sayari ya tatu kutoka kwenye Jua. Rod Serling akaigeuza kuwa mchezo wa televisheni, ulioonyeshwa tarehe 8 Januari 1960 katika mfululizo wa The Twilight Zone.

Katika mchezo huo, William Sturka ni mtumishi wa kiwanda cha silaha. Anajua kuwa vita vitaanza baada ya saa 48 na kwamba hapatasalia mtu. Yeye na rafiki yake Riden wanakusudia kuiba chombo cha angani na kuzichukua jamaa zao. Mkubwa mmoja wa kazini, Carling, anamshuku, na jioni anabisha hodi nyumbani kwake. Hapo ndipo penye utamu wote wa mchezo: watu wamekaa wanacheza karata, wanacheka kicheko cha kujilazimisha, na kila neno linapimwa kabla ya kutamkwa. Roketi yenyewe si kitu mbele ya meza ile.

Serling hakuwa na haja ya kubuni mengi. Los Alamos, wakati wa vita, wake wengi hawakujua waume zao wanaunda nini; barua zilisomwa na wakaguzi, na watoto waliozaliwa huko waliandikiwa katika hati zao kuwa mahali pa kuzaliwa ni Sanduku la Posta 1663. Mtoto mchanga naye alikwisha kutiwa ndani ya siri ya baba.

Wapenzi wa mashairi wataitambua mara moja hila ya mwisho, kwani ni ile ya kituo kinachoyapindua yote yaliyotangulia. Sturka anaokoka, binti yake akiwa amesaidia kumpokonya Carling bastola kwa kumsukumia mlango wa gari. Wakiwa angani, Riden anaitaja sayari wanayoiendea, maili milioni 11 mbele yao: ni ya tatu kutoka kwenye Jua, na wenyeji wake huiita Dunia. Kumbe walioikimbia siyo kwetu; kwetu ndiko wanakokimbilia.

Na Dunia hiyo, mwaka 1960, ilikuwa imekwisha kupungukiwa na kisiwa. Watu wa Enewetak, katika Visiwa vya Marshall, walihamishwa Desemba 1947 ili kuyapisha majaribio. Tarehe 1 Novemba 1952 bomu la kwanza la haidrojeni liliripuliwa huko, na kisiwa kidogo cha Elugelab kikatoweka baharini.