Botox Usoni: Mikunjo Hurudi Baada ya Miezi 4, Lakini Je, Misuli Hurudi Vile Ilikuwa?

Stori za Botox kwa mitandao huwa mbili tu. Ya kwanza ni ya manzi mwenye paji la uso linalong'aa kama simu mpya, anakwambia haina shida, ikiisha imeisha. Ya pili ni picha ya staa fulani ambaye sura imeganda, na chini wasee wamemchoma bila huruma. Sasa kama una miaka 24 na unafikiria kuanza mapema ili makunyanzi yasikupate, stori zote mbili hazikusaidii. Swali lako ni lingine: ukidungwa mara tatu kwa mwaka hadi ufikishe miaka 40, hizo ni mara 48. Uso utakuwa aje?

Tuanze na hii kitu ni nini. Botox ni jina la kibiashara, vile watu huita kila sabuni ya unga Omo. Kuna zingine kama Dysport na Xeomin. Dawa iliyo ndani ni sumu inayotengenezwa na bakteria wanaoitwa Clostridium botulinum, wale wale wanaoua watu kupitia chakula kilichoharibika, haswa cha mkebe. Kwa kliniki inatumika kidogo sana. Ile mistari ya katikati ya nyusi, kwa mfano, kipimo cha kawaida cha Botox ni yuniti 20.

Kazi yake ni kukata mawasiliano. Ukitaka kukunja uso, neva hutoa kemikali inayoitwa asetilikolini, msuli unaipokea na unajikaza. Hii sumu inazuia neva kutoa hiyo kemikali. Msuli uko pale, mzima, lakini hausikii chochote. Baada ya siku chache mikunjo inaanza kulala, na kufikia wiki mbili umeona matokeo yote. Neva nayo haikubali kukaa kimya milele, inajirekebisha polepole, na kati ya miezi 3 na 4 uso unaanza kusonga tena. (Na usichanganye na fila. Fila hujaza mashimo na kunenepesha midomo. Botox haijazi kitu.)

Si dawa ya jana. Huko San Francisco, daktari wa macho Alan Scott aliitumia kunyoosha macho ya makengeza, na mwaka wa 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaikubali kwa kazi hiyo na kwa watu ambao kope zao hujifunga zenyewe. Miaka hiyo hiyo, kule Vancouver, Kanada, Jean Carruthers aligundua kwamba wagonjwa wake wa macho walikuwa wanapoteza mikunjo ya nyusi. Bwanake, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi, kwa hivyo unaweza kuona biashara iliingia wapi. Mpokezi wa kliniki yao ndiye alidungwa wa kwanza kwa ajili ya urembo. FDA ilikubali matumizi hayo ya urembo mwaka wa 2002.

Weka huo mwaka akilini. Watu waliodungwa kihalali kwa urembo kuanzia mwanzo kabisa wana zaidi kidogo ya miaka 20 ya historia, na wengi wao walianza wakiwa wakubwa, mikunjo ikiwa tayari imeingia. Wale walioanza wakiwa na miaka 22 na wakaendelea hadi uzeeni bado hawajafika huko uzeeni. Ukiambiwa imethibitishwa kuwa salama maisha yote, jua hiyo ni lugha ya kuuza.

Kile kinachojulikana kinatia moyo kiasi. Mwaka wa 2006 ilichapishwa ripoti ya mapacha wawili wa kufanana, wanawake wa miaka 38. Mmoja alikuwa amedungwa mara mbili au tatu kila mwaka kwa miaka 13. Mwenzake alidungwa mara mbili tu katika muda huo wote. Yule wa kwanza alikuwa na paji laini hata akitulia bila kukunja uso, na hakupata madhara makubwa. Poa, lakini hao ni watu wawili.

Sasa tuje kwa misuli. Mtu akivunjika mguu na akae na plasta wiki sita, mguu hutoka mwembamba. Msuli usiotumika hupungua, na ule wa usoni haujaepuka hiyo sheria. Watafiti walipiga picha za MRI za msuli mdogo wa katikati ya nyusi kwa watu wawili baada ya dozi moja tu. Ukubwa wa msuli ulishuka karibu nusu, na mwaka mmoja baadaye ulikuwa bado haujarudi. Yaani mikunjo ilirudi kitambo, lakini msuli wenyewe bado ulikuwa mdogo. Hapo ndipo ile "ikiisha imeisha" inaanza kuchechemea.

Je, hiyo ni mbaya? Inategemea unaongelea wapi. Kwa nyusi, msuli uliodhoofika ndio watu wanalipia, na ndio maana wengine baada ya miaka kadhaa huhitaji sindano chache. Kwa paji la uso inakuwa ngumu kidogo, kwa sababu msuli wa pale ndio unainua nyusi. Ukilegea sana nyusi hushuka, macho yanakaa ya mtu ambaye hajalala. Wengine huanza kukaza misuli ya jirani bila kujua, mikunjo mipya inatokea kando ya pua, halafu wanarudi kudungwa huko pia. Kwa taya ndiyo noma zaidi. Siku hizi watu hudunga misuli ya kutafuna ili uso uwe mwembamba kwa selfi. Msuli huo ni mkubwa, dozi ni kubwa, na mfupa wa taya hutegemea mkazo wa kutafuna ili ubaki imara. Kwa wanyama imeonekana mfupa huo hupungua. Kwa binadamu tafiti bado zinavutana. Mimi ningekuwa na miaka 22 na meno mazuri, taya ningeiacha.

Kuna jambo lingine ambalo huwezi kuliona kwa kioo. Mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya hii dawa, na sindano ikaacha kushika. Kwa dozi ndogo za urembo hutokea mara chache, lakini nafasi huongezeka ukidungwa dozi kubwa, au ukirudi kabla ya miezi 3 kuisha kwa sababu umeona kamkunjo kamoja. Unaweza kusema sawa tu, nitaacha. Shida ni kwamba hii ni dawa ya ukweli hospitalini: kwa kipandauso sugu, kwa misuli iliyokakamaa baada ya kiharusi, kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Ukiichoma kinga yako ukiwa na miaka 25 kwa sababu ya paji, siku utakapoihitaji inaweza kukosa kukufaa.

Halafu kuna hisia. Mwaka wa 2010 David Havas na wenzake walichapisha jaribio ambapo wanawake walisoma sentensi kabla na baada ya kudungwa kati ya nyusi. Baada ya sindano, sentensi za hasira na za huzuni ziliwachukua muda mrefu zaidi kuzielewa. Tofauti ilikuwa ndogo sana, hutageuka jiwe. Lakini tunaishi mahali ambapo mamako anakuambia "kaa chini" kwa kunyanyua nyusi tu. Uso hapa ni lugha.

Na sisi wenye melanini nyingi tuna jambo letu. Melanini hukinga ngozi dhidi ya jua, kwa hivyo mikunjo midogo huja kwetu ikiwa imechelewa kuliko kwa wazungu. Hii stori ya kuanza na miaka 23 ilitungwa kwa ngozi nyingine.

Tukifika kwa hatari ya kukulaza hospitali, mara nyingi inatoka kwa chupa feki, au kwa mtu asiyejua kazi. Mwaka wa 2004 huko Florida, watu wanne walipooza na kuwekwa kwa mashine za kupumua baada ya kudungwa sumu ya maabara ambayo haikuwa ya binadamu. Daktari mwenyewe alikuwa mmoja wao. Mwaka wa 2024, mamlaka za afya za Marekani zilichunguza visa vya watu 22 katika majimbo 11 waliougua baada ya sindano zilizodungwa na watu wasio na leseni, ama nje ya kliniki, kama nyumbani. Hata Botox halali hubeba onyo la FDA tangu 2009 kwamba sumu inaweza kusambaa mbali na pale ilipodungwa.

Hapa Kenya, kabla ya kutoa doh, tafuta jina la daktari na la kliniki kwa rejista ya KMPDC mtandaoni. Omba kuona chupa ikifunguliwa mbele yako, na jina na nambari yake. Uliza imehifadhiwa wapi, kwa sababu inafaa kukaa baridi, nyuzi 2 hadi 8, na stima yetu unaijua. Mwambie daktari kama una mimba, unanyonyesha, una ugonjwa wa neva na misuli, ama uko kwa dawa kama jentamisini, ambayo inaweza kuongeza nguvu ya sumu. Andika tarehe, yuniti na mahali ulipodungwa, kwa sababu ukibadilisha kliniki hakuna atakayekumbuka.

Kope moja ikishuka kidogo baada ya siku chache, inakera lakini hupona yenyewe kwa wiki kadhaa. Lakini ukianza kuona vitu viwili viwili, sauti ikikwama, kumeza kukiwa kazi ama pumzi ikikatika, iwe ni baada ya saa chache au wiki kadhaa, usimpigie aliyekudunga kuomba ushauri. Nenda hospitali yenye kitengo cha dharura na useme wazi kwamba ulidungwa Botox, lini na wapi. Dawa ya kupambana na hiyo sumu ipo, lakini huzuia tu ile ambayo bado haijafika kwa neva.