Katedrale Isiyo na Watu



Tulikwenda kuombea familia moja hapa Lubumbashi. Ukutani mwa saloni tukakuta tablo ya Katedrale ya Watakatifu Petro na Paulo: matofari, miti, anga la buluu. Ndugu mmoja akatuuliza kama inafaa mtu aliyeokoka kutundika kanisa la Wakatoliki.

Tukamjibu: hatuiabudu. Tena William Burton, aliyefika Mwanza katika nchi ya Waluba mwaka 1915 pamoja na James Salter kuhubiri Injili ya Kipentekoste, alikuwa pia mchoraji. Lakini sisi tuliona shida nyingine: ndani ya tablo ile hamna mtu hata mmoja.

Mji wetu, ulioitwa Elisabethville, ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Mwaka uleule Wabenedikto walikuja na Jean-Félix de Hemptinne. Katedrale ikajengwa yapata mwaka 1920. Matofari hayakujipanga yenyewe. Kuna waliokanyaga udongo, waliochoma, waliobeba.

Baba wa nyumba akanyamaza, kisha akasema: "Babu yangu alikuwa mwashi hapa mjini. Sijui hata alijenga nini."

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mji huu mwaka 1947, hakuacha watu nje. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yetu katika tablo 101. Alichora pia wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi katika mgomo wa Desemba 1941.

Na kabla yake, Nehemia. Sura ya 3 inataja waliojenga ukuta wa Yerusalemu, jina kwa jina, hata binti za Shalumu hawakusahauliwa.

Je, sisi? Makanisa yetu mengi yalianza chini ya mwembe au katika lupango la mtu, kisha matofari mabichi, kisha mabati. Mama aliyechota maji ya kukanyagia udongo bado anaketi kati yetu, lakini vijana hawamjui. Akiondoka kimya, tutabaki na jengo zuri lisilo na watu, kama tablo ile.

Basi Jumapili hii kila kanisa lichukue daftari. Wazee wasimame, waseme nani alileta nini, nani alijenga wapi. Tuandike majina yote, na ya mama zetu pia. Mungu anayajua tayari. Ni watoto wetu wasioyajua.

Bwana awabariki.